Nyumba za wageni za msitu wa Kakamega zina historia, iandikwe

Mhariri,

Kila utalii wa msitu wa Kakamega unapozungumzwa, sauti kubwa huwa ni ya wanaotaka hoteli ya kisasa: zege, vioo na jenereta. Naomba kwanza tuzitazame nyumba tulizo nazo.

Pale Isecheno kuna nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya nguzo enzi za idara ya misitu. Vyumba vinne tu, vinatazamana na miti ana kwa ana. Umeme haukuwapo, mgeni alikuja na taa yake, shuka zake na chakula chake. Kukicha, mbega walikuwa mbele yake, kwa kuwa sakafu yenyewe imeinuliwa kuelekea kwenye matawi.

Rondo, ng'ambo kidogo, ina historia nzito zaidi. Ilijengwa mwaka 1948 kuwa makazi ya mwenye kiwanda cha kupasua mbao, kisha baadaye ikaingia mikononi mwa kanisa. Nyumba ambayo leo watu hulipia utulivu chini ya miti mikubwa ilitokana na biashara ya kuiangusha miti hiyo hiyo. Hilo lisifichwe. Mgeni akiambiwa, ataelewa kwa nini kuna sehemu za msitu huu ambazo miti yake bado michanga.

Kaskazini, Buyangu, palipotangazwa hifadhi ya kitaifa mwaka 1985 na sasa pako chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, yapo mabanda saba ya nyasi yenye jina la Udo Savalli, mtaalamu wa ndege. Choo ni cha shimo, maji ya kuoga ni ya ndoo, na mapishi hufanywa pamoja. Wapo wanaoyadharau. Lakini paa la nyasi linaweza kuezekwa upya na fundi wa kijijini, na anayejipikia hununua kuku na mboga kwetu. Faida hiyo haipiti kwa dalali wa mjini.

Ombi langu kwa KFS (shirika la misitu la Kenya), KWS na serikali ya kaunti: nguzo na mbao zikioza, zibadilishwe kwa mbao, si kwa zege. Kila nyumba iwekewe ubao unaoeleza nani aliijenga na kwa nini. Na wazee waliopasua mbao, waliopika na waliotunza funguo wahojiwe mwaka huu, wangali hai.

Mkazi wa Shinyalu,
Kakamega