Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi ya Kutambua na Kuainisha Kolembola

Ndugu wanachama,

Naanza na jambo ninalojua limewaudhi baadhi yenu: orodha yetu ya spishi za kolembola mwaka huu ni fupi kuliko ya mwaka jana. Hakuna kielelezo, yaani kiumbe aliyehifadhiwa kwa uchunguzi, kilichopotea. Tulipofungua upya chupa za zamani tulizokabidhiwa tulikuta majina mengi yameandikwa kwa kukisia, na kamati ikaamua kuyafuta hadi vielelezo vyenyewe vitakapoyathibitisha.

Kwa wanachama wapya, kolembola ni viumbe wadogo wa udongoni, wenye miguu sita na wasio na mabawa, ambao wengi wao hawafiki milimita 3. Chini ya tumbo wana kimrija, na walio wengi wana pia uma uliokunjwa ambao hufyatuka na kuwarusha wanaposhtuka. Kuwagawa katika oda zao nne, yaani makundi yao makubwa, si kazi ngumu. Symphypleona ni wa mviringo. Neelipleona ni wadogo mno, hawana macho, na vipapasio vyao ni vifupi kuliko kichwa. Wenye miili mirefu hutenganishwa kwa kutazama pingili ya kwanza ya kifua, ambayo kwa Poduromorpha huonekana wazi mgongoni ikiwa na vinyweleo, na kwa Entomobryomorpha imefifia wala haina vinyweleo.

Ugumu unaanzia kwenye spishi. Hapo mtu huhesabu vijicho, ambavyo havizidi 8 kila upande, meno ya kucha na ya ncha ya uma, kisha mpangilio wa vinyweleo, kimoja baada ya kingine, pingili kwa pingili. Baadhi ya alama ziko mgongoni na nyingine tumboni, kwa hiyo kielelezo kimoja kilicholazwa kifudifudi kwenye slaidi hakijibu maswali yote. Spiriti nayo hufifisha rangi, ilhali katika jenasi kadhaa rangi ndiyo alama ya kwanza kutazamwa. Magamba hupukutika chupa inapotikiswa. Na wachanga huwa hawajakamilisha vinyweleo, hivyo mchanga wa spishi moja huweza kudhaniwa kuwa mkubwa wa nyingine. Majina kadhaa tuliyoyafuta yalitokana na kosa hili la mwisho, na mojawapo nililiandika mimi mwenyewe.

Slaidi zimetusumbua kuliko nilivyotarajia. Gundi ya Hoyer, tunayobandikia vielelezo kwenye slaidi, huonyesha vinyweleo vizuri, lakini hunyonya unyevu, na Dar es Salaam wakati wa masika haina uhaba wa unyevu. Tulilazimika kuzikausha taratibu kwa joto la chini, kisha kuziba kingo za vioo kwa rangi ya kucha. Mweka hazina aliuliza risiti ya rangi ya kucha inahusu nini, na jibu ni hilo.

Hasara isiyorekebishika ni ya lebo. Katika chupa kadhaa lebo ya nje ilibanduka, na ya ndani iliandikwa kwa kalamu ya wino wa kawaida, ambao spiriti iliuyeyusha wote. Kielelezo kisicho na mahali wala tarehe kinaweza kupewa jina, ila hakituambii lolote kuhusu misitu yetu. Kuanzia sasa lebo itaandikwa kwa penseli, na itakaa ndani ya chupa.

Wapo wanaotaka tutangaze spishi mpya. Nawakumbusha kwamba kolembola wa nchi hii hawakuanza kuelezwa na sisi: waliokusanywa na msafara wa mwanazoolojia wa Uswidi Yngve Sjöstedt huko Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906 walielezwa na Einar Wahlgren mwaka 1908. Anayedai upya wa spishi hana budi kwanza kulinganisha na maelezo hayo, na ikibidi na vielelezo asilia vyenyewe, yaani vile ambavyo jina la spishi lilitolewa kwavyo mara ya kwanza. Aidha, kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, katika toleo lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000, zinataka jina jipya liambatane na kielelezo asilia kilichotajwa wazi, pamoja na mahali kitakapohifadhiwa. Kabati letu la sasa, ambalo mlango wake haufungi sawasawa, siwezi kulitaja kwa heshima katika andiko la namna hiyo.

Kwa hiyo kamati inaomba fedha zilizotengwa kwa safari ya Usambara zinunue kwanza chupa zenye vifuniko visivyovujisha, kabati linalofungika, na spiriti ya asilimia 96 kwa vielelezo vipya vitakavyochunguzwa vinasaba. Hoja hiyo naiweka mezani ipigiwe kura.