Ya kale yamepita, lakini shemeji yangu bado anaitwa mwizi

Mpendwa mshauri,

Bwana asifiwe. Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Leo naituma kama ilivyo.

Mimi ni mume na baba wa watoto wawili. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kubeti. Sikuwa mlevi wala mzinzi, na ndiyo maana watu walichelewa kunishtukia. Mtu akiinamia simu yake, nani atamwuliza? Mkeka ukichanika, yaani nikipoteza dau, nakopa; nikishakopa nabeti ili nilipe. Hadithi za namna hii umezisoma nyingi, sitakuchosha.

Mwaka jana niliokoka. Sikusikia sauti wala sikuanguka chini. Nilikuwa benchi la nyuma, mhubiri akasoma 2 Wakorintho 5:17, kwamba mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya, nikajikuta nalia mbele za watu. Tangu siku hiyo sijabeti. Madeni nayalipa kidogo kidogo. Tena nalala! Kama hujawahi kuamka saa nane usiku kuangalia matokeo ya timu usizojua hata ziko nchi gani, huwezi kujua usingizi ni zawadi kiasi gani.

Sasa jambo lenyewe.

Miaka sita iliyopita mama mkwe alimwachia mke wangu fedha amtunzie, za matibabu ya macho. Zilikuwa kwenye bahasha ya kaki, kabatini, chini ya mashuka. Nilizichukua mimi. Nilikusudia kuzirudisha Jumatatu, baada ya mechi za mwisho wa wiki. Wakati huo mdogo wake mke wangu, kijana aliyekuwa akitafuta kazi, alikuwa anaishi nasi. Bahasha ilipokutwa tupu, macho yote yalimgeukia yeye. Mimi sikumtaja. Mke wangu aliponiuliza, "Au ni yeye?" nilimjibu, "Siwezi kumsemea mtu." Basi, ikatosha. Aliondoka na begi moja, na pale mlangoni akaniambia, "Shemeji, asante kwa kunikaribisha." Nadhani alijua.

Mama mkwe alitibiwa baadaye kwa michango ya ndugu. Nami nilichanga.

Nimemweleza mchungaji peke yake. Akaniambia hayo yamefunikwa kwa damu ya Yesu, nisifukue alichokizika Mungu. Nimejitahidi kulishika neno hilo. Lakini kila nikisoma habari za Zakayo, Luka 19, nakwama. Aliahidi kumrudishia mara nne yeyote aliyemdhulumu, wala hakuna aliyemwagiza. Yesu hakumwambia, "Acha, yamekwisha." Alisema, "Leo wokovu umefika nyumbani humu." Kwa Zakayo ilikuwa hesabu ya fedha. Mimi shemeji nimrudishie jina lake mara nne kwa njia gani? Na kanisani, usicheke, wameniweka kwenye kamati ya kuhesabu sadaka.

Kinachonizuia ni mke wangu. Miezi ya kwanza baada ya kuokoka kwangu alikuwa akienda kuoga na mkoba wake. Simlaumu. Juzi juzi aliuacha mezani, zipu wazi, akatoka nje kuanika nguo. Nilikaa nikautazama ule mkoba kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala, naogopa hata kusogeza kiti. Yeye alikuwa ameacha kusali kabisa. Sasa tunakwenda ibadani pamoja, na aliniambia ni kwa sababu ameona kwa macho yake kwamba Mungu anaweza kumfanya mtu upya. Nikifungua kinywa, je, si nitamvunjia na imani yake?

Mwezi uliopita shemeji alioa. Hatukualikwa. Mke wangu akasema, "Angetualika kwa uso gani?" Nami nikajifanya natafuta chaja.

Naona kunyamaza kwangu bado ni kubeti. Nimeweka dau kwamba halitajulikana, na anayelipa ni mtu mwingine.

Kwa hiyo naomba unisaidie, usinionee haya. Nimwambie mke wangu kwanza, au nianze kwa shemeji nimwombe msamaha, kisha yeye aamue nani aambiwe? Niende na mchungaji ambaye hakubaliani nami, au niende peke yangu? Na mke wangu akiniuliza, "Ulipokuwa unatoa ushuhuda kanisani, mbona hili hukulisema?" nimjibu nini?

Fedha zenyewe nimeshazikusanya zote, zimo kwenye bahasha ninayoificha kazini. Mama mkwe anakuja kututembelea mwisho wa mwezi. Ningeshukuru kupata jibu lako kabla hajafika.

Ni mimi,
Niliyenyamaza