Mashine nitakuja nayo, Mtambwe siendi

Mwembetanga, Unguja

Sahibu yangu Hamadi,

Asalaam alaykum. Huku sote wazima, ila Mama goti linamsumbua tangu upepo wa kusi uanze. Barua yako nimeipata. Unaniuliza mawili: kama kweli nimeokota pesa ya Sultani Barghash, na lini nitavuka kuja Wete, Pemba, na mashine yangu ya kutafutia madini twende Mtambwe Mkuu, kwenye ule mji wa kale. La kwanza ni kweli. La pili tutagombana kidogo.

Mashine ni ile aliyoniletea binamu yangu kutoka Maskati. Fimbo tu, chini ina sahani yenye waya uliozungushwa; umeme ukipita humo unatoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini, ikikuta madini inarudi na habari. Ikikoroma, aghlabu ni msumari. Ikilia sauti nyembamba, huenda ni shaba au fedha. Nilianza nayo pwani siku za bamvua, maji yametoka mbali, nikajiona tajiri. Kumbe mchanga uliolowa chumvi unaichanganya, inalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nilipata vifuniko vya soda, chubwi mbili za mishipi na senti hamsini ya sungura. Watoto walinifuata wengi, mmoja akaniomba nimtafutie kandambili yake.

Basi, ami akawa anachimba karo la choo uani kwake. Juu udongo wa kawaida. Chini ukatoka mweusi, una makome na vigae vya sahani za kale. Mimi naona ni kifusi kilichotiwa wakati wa kuifukia ile pwani iliyokuwa ikiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ingawa ami anasema ni jaa tu la jirani. Nikamwomba lile tuta kabla gari ya ng'ombe haijaja kulizoa. Nilipita nalo kila siku baada ya alasiri, kwa koleo na chekecheo la unga nililoliiba jikoni. Ikatoka kwanza senti kumi yenye tundu, ile ya shilingi za Afrika Mashariki zilizokuja kwetu mwaka 1936, rupia zilipoondoka. Ami akaishika akacheka, akasema utotoni wakizitunga kwenye uzi.

Siku ya tatu ikalia sauti nyembamba, mara moja, wazi. Nikasuuza kwa maji tu. Yakhe, mizani! Mizani ya sahani mbili, na tarakimu za Kiarabu, 1299. Hiyo ni Hijria. Kwa hesabu ya Kizungu ni 1881 au 1882. Upande wa pili jina la Sultani. Sisi leo tukisema pesa tunakusudia fedha zote, lakini wakati ule pesa ilikuwa hii, kipande cha shaba, 64 kwa rupia moja. Nilikaa nayo kiganjani mpaka maghrib.

Usiku nikaiacha kwenye kisosi. Asubuhi naikuta inang'ara kama sinia la Idi. Mama ameipiga ukwaju na majivu! "Nimekutakasia mwanangu, ilikuwa imeota kutu." Ningesema nini? Ile kutu ya kijani ilikuwa imeshakuwa ngozi yake, na maandishi yalikuwa mle mle. Ukwaju umekula ngozi, herufi zimekwenda nayo. Sahani moja ya mizani imebaki.

Ndiyo maana nakwambia Mtambwe siendi. Zile sarafu za fedha zilizochimbuliwa pale mwaka 1984, zaidi ya 2,000, ni vipande vidogo vidogo. Peke yake kimoja ungempelekea sonara akiyeyushe. Lakini zilikutwa pamoja, na ndani yake mlikuwa na dinari za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri wa zamani. Hizo ndizo zilizowajulisha wataalamu kuwa ni mali ya karne ya 11, na wakalazimika kupanga upya hata tarehe za masultani wa Kilwa, maana jina la mmoja wao, Ali bin al-Hasan, lilikuwamo. Angetangulia mtu na mashine yake usiku, akachomoa moja hapa, moja pale, leo tungejua nini? Tuta la ami lilikwisha chimbuliwa, sikuharibu mpangilio wa kitu. Mtambwe udongo bado umelala ulivyolala. Tena bila ya ruhusa ya watu wa Mambo ya Kale tutalala ndani, wewe na mimi, na mashine itakwenda na maji.

Nina shauri jengine. Babu yako si alikuwa na duka kule shamba, nyumba ikaanguka? Mbele ya duka ndipo vijisenti huanguka. Waombe ruhusa wajomba zako wote, hata yule mkali, halafu uliza njia ya zamani ilipita upande gani, na choo kilikuwa wapi, tusije tukachimba pasipochimbika.

Nitakuja bamvua hii ikipita. Mama anakusalimu, anasema ukiwa na shaba yoyote iliyochafuka umletee.

Wako,
Suleiman