Malalamiko ya mishumaa ya masikio: unga mnaouita uchafu ni nta yenu wenyewe

Chake Chake, Pemba
10 Februari 2026

Kwa Meneja,
Kampuni inayouza mishumaa ya masikio,
Unguja.

Asalaam alaykum,

YAH: MISHUMAA YA MASIKIO ILIYOMUUNGUZA BABA YANGU

Baba yangu ana miaka 74 na ni muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu tangu mimi sijaanza skuli. Mwishoni mwa vuli alishikwa na mafua makali. Pua ziliziba na sikio la kulia likawa zito. Aliniambia kwamba akiadhini anaisikia sauti yake kama inatoka ndani ya mtungi. Kwake halikuwa jambo dogo, kwa sababu muadhini asiyeisikia sauti yake hajui amepanda au ameshuka.

Ndipo nikaliona tangazo lenu kwenye simu: mshumaa mmoja, dakika 15, nta yote nje, pua na kichwa vinafunguka. Nikampigia kijana wenu wa mauzo, nikamuuliza kama mzee wa umri ule anafaa kutumia. Akanijibu bila kusita kwamba wazee ndio hasa wanaofaidika, kwani moto unavuta hewa na hewa inavuta uchafu. Nikalipa shilingi 45,000 kwa simu, na siku ya pili yake kisanduku cha mishumaa minne kikaja na boti.

Jumamosi ya tarehe 6 Disemba, baada ya Isha, nilimlaza baba ubavu na kufuata karatasi yenu ya maelekezo neno kwa neno. Nilimfunika kichwa kwa kitambaa cha maji, nikapitisha mshumaa kwenye sahani ya karatasi iliyotobolewa katikati, nikatia ncha nyembamba tunduni mwa sikio, juu nikatia kibiriti. Mshumaa wenyewe ni kitambaa kilichochovywa kwenye nta na kuviringishwa kama kikaratasi cha njugu, ila ni mrefu zaidi na uko wazi pande zote mbili. Ulianza kuwaka vizuri. Baada ya dakika chache baba alishtuka, akanikamata mkono, akasema, "Mwanangu, moto." Nta iliyoyeyuka ilikuwa imeteremka kwa ndani na kumwingia sikioni. Niliuchomoa nikauzima kwenye bakuli la maji.

Karatasi yenu inasema kipande kinachobaki kipasuliwe "uone kilichotoka". Nilikipasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na unga wa manjano na vibonge vya kahawia vinavyonata vidoleni, sawasawa na picha iliyo juu ya kisanduku. Nikaamini. Nilimsogezea baba karibu na taa nikamwambia, "Tazama yaliyokuwemo." Naye, huku sikio linamuuma, akasema alhamdulillahi, basi maumivu haya ni ya uchafu kutoka. Tukakaa siku mbili tukingoja nafuu, kwa sababu tu ya unga ule. Siku mbili hizo ndizo zilizonifanya niandike barua hii. Kuungua peke yake pengine ningesema ni ajali.

Siku ya tatu hakuweza kulala, tukapanda boti kwenda Unguja kwa daktari wa masikio, pua na koo. Daktari alimulika akakuta nta ya mshumaa imeganda juu ya nta ya sikio, na ngozi ya tundu imebabuka. Kiwambo cha sikio kilisalimika, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Siku ile hakuweza kutoa yote kwa sababu ngozi ilikuwa mbichi, hivyo alimpa dawa ya matone na kututaka turudi Januari, akaja kumalizia kwa kijiko chembamba na kifaa cha kunyonya. Nta ya baba mwenyewe, ile mliyosema itatoka, ilikuwemo vilevile, na yenu juu yake.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa skuli ya msingi. Tuliporudi nyumbani nilichukua chupa tupu ya soda, nikausimamisha mshumaa wa pili kwenye shingo yake, nikauwasha na kuuzima ulipobaki urefu ule ule. Nikaupasua. Unga wa manjano, vibonge vya kahawia, harufu ile ile. Nikafanya hivyo kwa mshumaa wa tatu, na ukatoa vilevile. Chupa ya soda haina sikio wala haina mafua. Unga ule ni nta na kitambaa chenu vilivyoungua nusu, na mtu anayetengeneza mishumaa hii hawezi kusema halijui hilo. Mnauza mshumaa pamoja na ushahidi wa uongo ndani yake, na mgonjwa anauona kwa macho yake.

Hili si ugunduzi wangu. Mwaka 1996 wataalamu wa Marekani walichapisha vipimo vyao: mshumaa haukuvuta chochote, masikio 8 waliyoyajaribu hayakutoa nta, na mengine yakaachiwa nta ya mshumaa. Madaktari 122 wa masikio walioulizwa katika kazi hiyo walieleza majeraha 21 ya masikio, mengi yake ya kuungua. Mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo iliwaonya wananchi wasitumie mishumaa hii. Na hata bila ya vipimo, kiwambo cha sikio ni ukuta. Njia ya kwenda puani iko upande wa pili wake, ni mrija mdogo unaotoka sikio la kati mpaka nyuma ya pua. Kama kiwambo ni kizima, moto ulio nje hauna pa kupita kuyafikia makamasi. Wahopi, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona huko Marekani, ambao kisanduku chenu kinasema ndio wenye siri hii, wenyewe wameshakanusha kwamba ni mila yao.

Msinielewe vibaya, siipigi vita tiba asili. Bibi yetu alikuwa akitutilia tone la mafuta ya nazi ya vuguvugu, na daktari alituambia kwamba mafuta kweli hulainisha nta, mradi kiwambo hakijatoboka. Sikio pia hujisafisha lenyewe taratibu. Hakuna aliyemlipa bibi, wala hakutuonesha unga.

Nilimpigia tena kijana wenu. Akasema nilikosea kuushika na kwamba kazi hii ni ya mtaalamu. Mbona kisanduku kimeandikwa "kwa matumizi ya nyumbani"?

Nataka nirejeshewe shilingi 45,000 za mishumaa, pamoja na nauli za safari mbili za watu wawili na malipo ya daktari. Nakala za risiti zote nimeziambatanisha. Nataka ile picha ya unga na maneno "uone kilichotoka" yaondoke kwenye kisanduku na kwenye tangazo. Na kila mliyemuuzia, kwa kuwa namba zao za simu mnazo, aambiwe kwamba unga ule hautoki sikioni, maana huenda sasa hivi yupo mwengine anayevumilia maumivu akidhani anapona. Hili la mwisho kwangu ni zito kuliko fedha. Nakupeni siku 14, kisha nitapeleka barua hii Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Ramadhani iko mlangoni. Baba amesharudi msikitini, lakini sikio lile bado anaogopa hata kulitia maji ya udhu, na Alfajiri anamwachia mwengine aadhini.

Mshumaa wa nne ninao, sijauwasha, pamoja na chupa na vipande vitatu vilivyopasuliwa. Mkiwa na shaka na niliyoyaeleza, mtumeni mtu wenu Pemba, nitauwasha mbele yake.

Wasalaam,
Binti wa muadhini, Chake Chake
(Jina langu kamili na namba ya simu vimo kwenye risiti yenu.)