Kaka, kabla hujaanzisha timu

Kaka,

Habari za timu yako ya mbio za magari nimezipata kwa watu. Nasikia kijana wako atakuwa dereva, nawe utakuwa mkuu wa timu, na fedha za kuanzia tayari umeshazipigia hesabu. Neno kama hili ningependa kulisikia kinywani mwako. Lakini tangu tumzike Baba simu zangu huzipokei, na mimi siwezi kupanda basi hadi Nairobi kuja kugonga mlango wa mtu asiyetaka kunifungulia. Basi nakuandikia hapa, mahali ambapo watu wa magari wote hupita. Wasomaji wengine mtaniwia radhi, maana mengi yaliyomo humu ni ya nyumbani.

Kwanza hongera. Kijana ana mkono mzuri na kichwa kilichotulia. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 2021, pale Naivasha, hana hadithi nyingine, na mimi shangazi yake ndimi anayenipigia usiku kunieleza kona moja moja. Namwombea. Ninalotaka kusema linakuhusu wewe, kwa sababu kazi unayoiendea hujawahi kuifanya. Kuendesha umeendesha, na Taita nzima inakujua. Kuongoza timu ni jambo jingine kabisa.

Unamkumbuka Fiorio? Baba alikuwa akilitaja jina hilo kila Pasaka, wakati wa Safari, wewe ukiuliza habari za Munari, za Alén, za Biasion. Wewe uliwataka madereva. Mimi nilikaa na Baba nikamsikiliza habari za mtu asiyeonekana kwenye picha, na baadaye nikamsoma mwenyewe.

Cesare Fiorio alizaliwa Torino mwaka 1939. Baba yake alikuwa mtu wa Lancia, upande wa habari. Ujanani aliendesha mashindano yeye mwenyewe. Halafu mwaka 1963, hajafika hata miaka 25, akaianzisha HF Squadra Corse, timu ya mashindano ya Lancia, ile yenye nembo ya ndovu wanaokimbia. Kampuni haikuwa na fedha za kutupa, na mwaka 1969 ikanunuliwa na Fiat. Ndani ya hali hiyo yeye alijenga watu. Mwaka 1972 Sandro Munari alishinda Monte Carlo na Fulvia, gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Wakati huo Fiorio alikuwa ameshawaza mbele zaidi: badala ya kuchukua gari la sokoni na kulitia nguvu, alitaka gari lililobuniwa kwa ajili ya mashindano tangu siku ya kwanza. Ndiyo ikaja Stratos, bodi ya Bertone, injini ya V6 ya Ferrari Dino nyuma ya mgongo wa dereva. Ubingwa wa dunia wa watengenezaji ukaenda Lancia mwaka 1974, 1975 na 1976, mfululizo.

Lakini Safari ilimkatalia. Mwaka 1975 Stratos mbili zilimaliza ya pili na ya tatu, Munari na Waldegård, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Mwaka 1977 Munari akawa wa tatu. Mwaka 1979, wakati Fiorio akiongoza mashindano ya Fiat pia, Alén akamaliza wa tatu na Fiat 131. Mwaka 1986 Alén tena, wa tatu tena, na Lancia 037. Huko Ulaya wanashinda karibu kila kitu, na huku kwetu wanaondoka na vumbi. Mtu mwingine angesema Afrika si yetu, tusiharibu magari. Yeye aliendelea kuleta watu na kusoma barabara, hadi Pasaka ya mwaka 1988, Miki Biasion na mwelekezi wake Tiziano Siviero walipoishinda Safari kwa Lancia Delta.

Siku ile redio ilikuwa juu ya dirisha la stoo, unakumbuka. Ulikimbia kuzunguka uwanja wa gereji mikono juu, ukiigiza usukani. Baba alikuwa ameinamia injini. Hakuuliza gari lilikuwa na nguvu kiasi gani. Aliuliza, "Petroli yao ilipangwa na nani?"

Swali hilo sikulisahau, kwa sababu Safari ya miaka ile ilikuwa hilo swali. Maelfu ya kilomita kwenye barabara zisizofungwa, lori linakuja, ng'ombe wanavuka, mto umejaa tangu jana. Helikopta inatangulia kumwonya dereva, ndege inazunguka juu kubeba mawasiliano ya redio, mafundi wamepangwa njiani wakiwa na gia, springi, tairi na mapipa ya mafuta, na kila mmoja anajua saa ya gari kupita. Fundi mmoja akikosa mahali pake, dereva bora duniani anakaa kando ya barabara akichezea mawe.

Sasa nije kwenye lile jambo. Siku ya mazishi ulisimama mbele ya watu wote, ukashika maikrofoni, ukasema vizuri habari za Baba. Nililia. Kisha ukasema, "Baba aliendesha, na mimi nikaendesha. Wengine walibaki gereji kuhesabu boliti." Watu wakacheka. Nilikuwa nimemshika Mama mkono, na mkono wake ukakaza. Mchungaji naye alicheka. Wewe ukaendelea na hotuba kana kwamba umemtaja mtu asiyekuwapo.

Kaka, hizo boliti nilizihesabu kweli. Ulipopata nafasi ya kushindana, nani aliandika orodha ya spea? Nani alikwenda Mombasa kutafuta beringi za gurudumu la nyuma wakati muuzaji wa hapa aliapa hazipatikani? Usiku ule wa Mwatate mvua ilinyesha mpaka alfajiri, nami nilikaa juu ya madebe ya petroli na taa ya mkononi nikikungoja, kwa sababu nilijua kwa hesabu zangu kwamba tangi halitakufikisha. Ukafika, ukajaziwa, ukaondoka hata bila kuzima injini. Sikudai asante usiku ule, maana ulikuwa kwenye mashindano. Siku ya mazishi hukuwa kwenye mashindano.

Basi nikurudishe kwa Fiorio, maana kuna mambo ya kazi hii lazima uyajue. Mwaka 1983 Audi walikuwa na Quattro, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, naye alikuwa na 037 inayosukumwa na ya nyuma tu. Kila mwenye akili aliona mshindi ni nani. Lancia ikatwaa ubingwa wa watengenezaji. Husimuliwa kwamba kule Monte Carlo alihakikisha barabara zenye barafu zinamwagiwa chumvi. Husimuliwa pia kwamba wakaguzi walipokuja kuhesabu magari 200 yaliyotakiwa na kanuni, walionyeshwa yaliyokuwapo, wakapelekwa kula, na magari yaleyale yakahamishiwa uwanja wa pili ili yahesabiwe tena. Hilo la wakaguzi usilifanye. Ninalokutaka ulione ni namna alivyoisoma kanuni na barabara kabla ya wengine kuamka. Wewe fomu hujawahi kusoma hata moja. Zote nilikujazia mimi.

Na kuna zito kuliko hilo. Tarehe 2 Mei 1985, kule Corsica, Attilio Bettega alikufa ndani ya 037. Mwaka uliofuata, tarehe ileile, kisiwa kilekile, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walikufa ndani ya Delta S4 iliyowaka moto. Magari ya Kundi B, yaani magari ya nguvu nyingi kama hayo mawili, yakapigwa marufuku kuanzia msimu wa 1987. Fiorio ndiye aliyekuwa mkuu wa timu hiyo miaka yote miwili. Dereva hubeba roho yake na ya mwelekezi wake. Mkuu wa timu hubeba za wote, na jioni ndiye anayepaswa kuzungumza na familia. Ukimweka mwanao kwenye kiti kile, Kaka, utakayemwambia mama yake ni wewe. Umelifikiria hilo? Nakuuliza kama shangazi ya mtoto, ugomvi wetu nimeuweka kando.

Mwaka 1989 Ferrari walimwita akaongoze timu yao ya langalanga, yaani Formula One. Tarehe 26 Machi, Jumapili ya Pasaka, mashindano yake ya kwanza kule Brazil, Nigel Mansell alishinda na gari lenye gia za kubadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani, gari ambalo wengi hawakutaraji limalize. Wikiendi hiyohiyo Biasion alikuwa huku kwetu akiishinda Safari mara ya pili, na Delta ya timu aliyoijenga Fiorio. Mwanawe Alex, naye dereva wa Delta, alimaliza msimu huo akiwa wa pili duniani. Mwaka 1990 Alain Prost akaja Ferrari, wakashinda mara sita, na ubingwa ukapotea Suzuka pale mpinzani wake Ayrton Senna alipomgonga kwenye kona ya kwanza. Fiorio alikuwa amezungumza na Senna huyohuyo ili amlete Ferrari, mpango ukavunjika. Mei 1991 wakamwondoa.

Hakulala. Agosti 1992 alikuwa ndani ya Destriero, boti ya kasi ya Aga Khan wa wakati huo, jina lilelile la hospitali ya Nairobi, wakaivuka Atlantiki kutoka New York kwa saa 58 na dakika 34 bila kuongeza mafuta njiani. Hapo napo ningemsikia Baba akiuliza petroli ilipangwa na nani.

Ukiniuliza ushauri, nao ni huu: tafuta mtu wa kupanga kabla ya kutafuta gari. Mlipe. Mtaje kwa jina mkishinda. Usitie fedha zote kwenye injini ukasahau tairi. Mimi nimeendesha gereji ya Baba tangu macho yake yaanze kufifia, mafundi hawajakosa mshahara, na bili ya hospitali ililipwa kwa fedha za gereji hiyohiyo unayosema wengine walibaki humo. Nilibaki, ndiyo. Bila mimi kubaki usingekuwa na mahali pa kurudishia gari lililovunjika, na kila mara lilirudi limevunjika, nasi tukalitengeneza.

Bado nakupenda. Wewe ndiye uliyenifundisha kubadilisha gia kwenye uwanja wa stesheni, ukanivumilia nilipozima gari mara nyingi hadi Baba akatufuata. Kijana akitaka nimpangie mafuta na spea, nitakuja, na sitadai cheo.

Lakini nimeambiwa fedha za kuanzia ni kiwanja cha gereji, na kwamba mnunuzi ameshakuja kukipima. Hati ina majina mawili, Kaka. Mafundi sita wanakula hapo, na Mama anaishi kwa kodi ya vyumba vya nyuma. Tafuta wadhamini kama wanavyofanya wakuu wa timu wengine. Sahihi yangu hutaipata.

Mdogo wako,
Voi