Nyanya naongeza hela, parachichi siongezi

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama inakustahili, kama haikustahili basi habari za kazi. Naomba kanafasi niseme hili la vyakula vya organiki, yani vilivyolimwa bila dawa wala mbolea za viwandani, maana siku hizi kila kona mtu anabandika hilo neno kwenye kitu chake anapandisha bei, nimelikuta kwenye karanga, kwenye asali, juzi nikalikuta kwenye pakti ya chumvi, sasa chumvi nayo ililimwa shamba gani jamani.

Mwezi uliopita niliingia duka moja la hivyo vyakula hapa Dar, silitaji, nikatoka na nyanya kilo moja, parachichi matatu, unga wa dona kilo mbili na trei ya mayai, nikaacha 48,000. Genge la jirani yangu hapa Tabata vitu hivohivo nisingefika 25,000. Mume wangu alivyoiona risiti hakusema kitu, akaikunja taratibu akaiweka chini ya chupa ya chai, na mi ninavyomjua kimya chake ndo kelele zenyewe. Usiku ule nikakaa nikaipitia kitu kimoja kimoja.

Nyanya sijutii. Nina shemeji analima nyanya Ilula, pale Iringa njia kuu, na nilishawahi kukaa kwao wiki mbili. Nyanya bwana inapigwa dawa, sio mchezo, kuna ukungu, kuna utitiri, na tangu aje yule mdudu wanaemwita kantangaze watu wanachanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja maana akiingia shambani anamaliza. Kwenye chupa ya dawa imeandikwa kabisa ukishapiga subiri siku kadhaa ndo uvune, kila dawa na siku zake, ila dalali akija na Fuso na hela mkononi nani atamwambia arudi wiki ijayo? Zinachumwa. Ule unga mweupe tunaoukuta karibu na kikonyo mara nyingi ndo dawa yenyewe hiyo, na hata ukiosha ukasugua, zipo dawa za kukaa juu ya ganda na zipo zinazoingia ndani ya tunda, hizo maji hayazitoi. Sasa kilichonimaliza ni kwamba pembeni ya lile shamba, karibu na jiko, shemeji ana matuta mawili hayagusi na dawa, anayamwagia maji ya mwarobaini na majivu tu, nusu zinaharibika. Nikamuuliza haya ya nini, akanijibu bila hata kuona aibu, "Hizi za watoto, shem." Tangu siku hiyo kitu chochote kinacholiwa na ganda lake na kinapigwa dawa mpaka wiki ya kuvunwa, yani nyanya, hoho, spinachi, kabichi, nikipata hela ya kuongeza naongeza.

Parachichi sasa, pale nililiwa. Ganda lenyewe nene vile na unalitupa. Nanasi hivohivo. Na muhogo, viazi vitamu, magimbi, mtama, wakulima wetu wengi hawapigi dawa humo kwa sababu hata hela ya dawa hawana, kwa hiyo vingi sokoni viko hivyo kienyeji tangu zamani bila lebo, mtu akikuuzia muhogo organiki kwa bei mara mbili mwambie asante ukapande daladala.

Unga ndo niliona nimejidanganya zaidi. Kwenye mahindi mi sumu ninayoiogopa ni sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na sumukuvu haiangalii kama ulitumia mbolea ya dukani au samadi, inatoka kwenye fangasi wanaoota mahindi yakikaukia chini au yakiwekwa stoo na unyevu, na ukisonga ugali haiishi. Kwa hiyo hela yangu ya ziada kwenye unga naona bora nimpe mwenye mashine anaechambua mahindi mabovu kabla ya kusaga. Mayai nayo, kiini cha njano sio ushahidi, rangi inaletwa na chakula anachokula kuku, na hawa wengi wanaouzwa kama wa kienyeji ni chotara wa bandani.

Mchicha ndo una mambo yake. Huu wetu wa mabondeni ya Msimbazi shida yake sio dawa peke yake, ni maji, mto unapokea ya viwandani na ya vyooni, kwa hiyo hata mkulima akikuapia hajapiga dawa mwaka mzima wewe muulize anamwagilia na nini. Mi wangu napanda kwenye viroba uani.

Halafu hili la nani kathibitisha. Pale dukani nilimuuliza kijana, hizi nyanya zimetoka shamba gani, akanionyesha lebo, "Dada si imeandikwa organiki." Mhariri, ipo alama inaitwa Kilimohai, ya Afrika Mashariki nzima, kiwango chake kilipitishwa 2007 na huku kwetu wanaosimamia ni TOAM, shirika la kilimo hai Tanzania. Kuna vikundi vya wakulima wadogo vinaipata kwa kukaguana wenyewe shambani, bila kulipa mkaguzi wa kutoka nje. Nikiiona hiyo alama na jina la kikundi hata bei naielewa, maana asiepiga dawa anapalilia kwa mkono na anapoteza mazao. Lebo iliyochapwa stationari ya jirani siilipii. Mngetusaidia sana gazeti mkiwauliza wahusika kwa nini duka linaruhusiwa kujiandikia tu.

Shemeji nimeshampigia simu nimemuuliza akinipandia tuta la tatu pale karibu na jiko atanidai bei gani kwa tenga mpaka lifike Dar. Kacheka, kasema anapiga hesabu ya basi kwanza.

Mama wa watoto wawili,
Tabata, Dar es Salaam