Wazazi wa kidato cha sita, karatasi za mkopo zianze kutafutwa sasa

Mhariri,

Kila mwaka wazazi wa hapa Moshi na vijiji vya mlimani hungoja matokeo ya kidato cha sita ndipo waanze kuulizana habari za mkopo wa chuo. Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuwasihi wasingoje. Miaka ya karibuni dirisha la Bodi ya Mikopo limekuwa likifunguliwa Juni na kufungwa Agosti, na matokeo hutoka Julai. Muda huo unatosha kujaza fomu. Kutafuta cheti kilichopotea au kurekebisha jina ndani ya muda huo ni shida.

Tuanze na cheti cha kuzaliwa, maana hapo ndipo wengi hukwama. Bodi haipokei nakala tupu. Inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa waliozaliwa Zanzibar, na wakala wa usajili wa huko. Uhakiki huombwa kwa mtandao: unafungua akaunti kwenye mfumo wa RITA, unapakia cheti, unalipia, unasubiri majibu. Cheti kikiwa kimefifia, au namba yake haionekani kwenye daftari, utaambiwa uende ofisi iliyokitoa, ambayo kwa kawaida iko kwa Mkuu wa Wilaya. Familia iliyokuwa ikiishi Tanga mtoto alipozaliwa italazimika kufuata Tanga. Mtoto ambaye hajasajiliwa kabisa aandaliwe cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba na vitambulisho vya wazazi, na kazi hiyo ifanyike angali shuleni. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo, nacho kihakikiwe vilevile. Barua ya mwenyekiti wa kijiji kwamba marehemu alizikwa kihambani haichukui nafasi yake, hata kama kijiji kizima kilihudhuria mazishi.

Halafu majina. Mfumo wa Bodi humtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na jina linalotokea ni lile lililo Baraza la Mitihani. Weka cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne mezani, usome herufi kwa herufi. Massawe mwenye “s” mbili upande mmoja na moja upande wa pili ni tofauti. Kubwa zaidi ni mtoto aliyeandikishwa shule kwa jina la babu huku cheti cha kuzaliwa kikiwa na jina la ukoo. Ukiona hivyo nenda RITA, au kwa wakili, kutegemea karatasi ipi ndiyo yenye kosa. Usinyamaze ukitumaini hawataona. Na aliyerudia kidato cha nne atumie namba ileile moja anapoomba chuo na anapoomba mkopo.

Jambo ambalo mkoani kwetu lina uzito kuliko wazazi wanavyodhani ni barua ya mfadhili. Watoto wengi wa familia za kipato kidogo wamesoma seminari na shule binafsi kwa ada iliyolipwa na parokia, dayosisi au mfadhili wa nje. Bodi hupima uwezo wa familia, na shule aliyosoma mtoto ni mojawapo ya vitu inavyovitazama. Bila barua inayosema nani alilipa, itaonekana kana kwamba ada ile ilitoka mfukoni kwa mzazi. Barua iombwe kabla mtoto hajaondoka shuleni, iwe na jina kamili la mwanafunzi na miaka aliyofadhiliwa, iwe na saini na mhuri. Kaya iliyo kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, iwe na namba yake tayari. Mwombaji mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, apate uthibitisho wa Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa.

Fomu yenyewe hujazwa mtandaoni baada ya kulipa shilingi 30,000 kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Ikishachapishwa inazunguka: mwombaji, mdhamini (mzazi anaweza kuwa mdhamini) pamoja na picha na kitambulisho chake, serikali ya mtaa au kijiji, kisha hakimu au wakili. Kagua mihuri kabla hujaondoka kila ofisi. Baada ya hapo kurasa zilizosainiwa huskaniwa na kupakiwa. Picha ya simu iliyopigwa jioni sebuleni, yenye kivuli cha mkono katikati ya mhuri, haisomeki. Wapo pia wanaolipa, wanachapisha, wanasainisha, halafu hawarudi kwenye mfumo kupakia na kubonyeza kitufe cha kuwasilisha. Hao kwa Bodi hawajaomba.

Steshenari zinasaidia sana, na hatuzilaumu. Lakini namba ya simu iwe ya mwanafunzi, na nywila aiandike yeye kwenye daftari lake. Akaunti iliyofunguliwa kwa simu ya dukani humfungia mtoto nje pale Bodi inapotaka marekebisho au inapotangaza awamu za mikopo. Mzazi akae pembeni wakati wa kujaza, kwa kuwa maswali ya kazi na kipato ni yake. Aseme kweli: kama ni nusu eka ya migomba na kahawa, iandikwe hivyo.

Mkopo unaweza kutoka pungufu ya gharama zote, kwa hiyo familia ijiandae kuziba pengo. Asiyeridhika husubiri dirisha la rufaa. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja kwa wakati, asije akawa na mkopo bila chuo. Na wazazi wanaoogopa deni wajue kwamba mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ile tozo ya asilimia 6 ya kila mwaka juu ya deni ilifutwa mwaka 2021.

Ombi letu kwa wakuu wa shule za kidato cha tano na sita, Moshi na Arusha: kikao cha wazazi cha Januari au Februari kitenge saa moja, kila mzazi aje na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cha kidato cha nne, majina yalinganishwe palepale. Na watendaji wa kata watangaze siku maalumu za kusaini fomu mwezi Julai na Agosti, ili mama anayeshuka kutoka Kibosho au Old Moshi asilipe nauli mara tatu kwa mhuri mmoja.

Walimu wa sekondari,
Moshi